Reli ya Farasi Kati ya Vltava na Danubi

Wanafunzi wanapotembelea makumbusho yetu, huwa nawachokoza kwa swali moja: treni isiyo na injini ni treni? Wengi hucheka. Hapo ndipo ninapowasimulia habari za reli ambayo kwa miaka 40 ilibeba chumvi, mizigo na abiria katikati ya Ulaya, na muda wote huo ikivutwa na farasi.

Ilianza na chumvi. Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, haikuwa na chumvi yake. Iliyoliwa huko ilitoka kwenye migodi ya Salzkammergut, Austria, ikateremshwa kwa mashua katika mto Traun hadi mto Danubi, karibu na mji wa Linz. Hapo njia ya maji ilikatika. Mto uliofuata, Vltava, ulikuwa ng'ambo ya vilima, kwenye mji wa Budweis ambao sasa unaitwa České Budějovice. Mvua inayonyesha upande mmoja wa vilima hivyo huishia Bahari Nyeusi, na inayonyesha upande wa pili huishia Bahari ya Kaskazini. Katikati, chumvi ilipandishwa na kuteremshwa kwa mikokoteni ya farasi, kwenye barabara za matope.

Kwa muda mrefu watu waliota kuchimba mfereji. Mwanzoni mwa karne ya 19, Franz Josef Gerstner, mwalimu wa hisabati na ufundi mjini Prague, alipiga hesabu akaona haitalipa. Mashua ingebidi zipandishwe mlima ngazi kwa ngazi, halafu zishushwe vivyo hivyo upande wa pili. Akashauri ijengwe njia ya chuma. (Wasomaji wa Kongo na Kigoma wanaijua hoja hii: reli ya kutoka Kabalo, kwenye mto Lualaba, hadi Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, nayo ilijengwa kuunganisha njia mbili za maji, ikafika ziwani mwaka 1915.)

Aliyeitekeleza kazi yenyewe ni mwanawe, Franz Anton von Gerstner. Alipata kibali cha Kaisari wa Austria Septemba 1824, na ujenzi ukaanza Julai 1825, miezi miwili kabla ya reli ya Stockton na Darlington, ya kwanza ya umma kutumia injini za mvuke, kufunguliwa huko Uingereza.

Ukitaka kumwelewa Gerstner, elewa kwanza mwinuko. Aliyewahi kusukuma mkokoteni anajua kwamba kilima huchosha, lakini kwenye reli kilima ni adui mkubwa zaidi. Gurudumu la chuma juu ya chuma hubingirika kwa wepesi mno kwenye tambarare, kiasi kwamba farasi mmoja huvuta mzigo ambao barabarani ungehitaji farasi kadhaa. Wepesi huo unakwisha njia inapoanza kupanda. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 46, ambao mtembea kwa miguu hausikii sana, huzidisha mara kadhaa nguvu inayohitajika. Kwa hiyo Gerstner alijiwekea sharti: kimo ukishakipata, usikipoteze. Kutoka Budweis njia yake ilipanda taratibu hadi kileleni, Kerschbaum, pasipo kushuka bondeni na kupanda tena. Alikuwa ameziona injini za mvuke Uingereza, akataka njia itakayozifaa siku moja. Hayo yalidai matuta marefu na madaraja, na fedha zikaisha akiwa nusu ya safari. Wenye hisa walikasirika. Mwaka 1828, sehemu ya kaskazini ilipofunguliwa, Gerstner alikuwa akiondoka.

Kazi ikaangukia kwa msaidizi wake, Matthias Schönerer, kijana wa miaka 21 hivi. Aliambiwa amalize kwa bei nafuu, na alimaliza. Upande wa kusini, kushuka hadi Linz, ulikuwa na kona kali na miinuko inayofika ile ya 1 kwa 46. Agosti 1832 njia nzima, kama kilomita 129, ikaanza kazi. Tatizo ni kwamba chumvi ilitoka Linz, kwa hiyo mzigo mzito ulipanda mlima upande uleule uliojengwa kwa kubana matumizi. Hata hivyo mimi simlaumu Schönerer. Bila yeye reli ingebaki imeishia kileleni, imefika mto mmoja tu.

Reli zenyewe zilikuwa vipande bapa vya chuma vilivyopigiliwa juu ya magogo yaliyolazwa kwa urefu. Upana kati ya reli ulikuwa milimita 1,106, umeizidi kidogo TAZARA yenye milimita 1,067. Abiria walisafiri saa 14 hivi, farasi wakibadilishwa vituoni. Treni za pande zote mbili zilikutana Kerschbaum mchana, abiria wakashuka kula. Mkahawa wa hapo hutajwa kuwa mkahawa wa stesheni wa kwanza katika bara la Ulaya. Mwaka 1836 njia ilirefushwa kutoka Linz hadi Gmunden, mji wa Salzkammergut kwenye chumvi.

Mwaka 1855 mvuke ulianza kutumika kati ya Linz na Gmunden, kwenye tambarare. Vilimani farasi waliendelea. Treni za mvuke zilipotakiwa kuvuka kwenda Budweis, kwa sehemu kubwa ilibidi zichimbiwe njia mpya, na mwaka 1872 farasi wakapumzishwa. Gerstner hakuyaona hayo. Alikwenda Urusi, akajenga reli ya mvuke kati ya St. Petersburg na Tsarskoye Selo iliyofunguliwa mwaka 1837, kisha akafia Philadelphia mwaka 1840 akiwa anazikagua reli za Marekani.

Behewa moja la abiria, liitwalo Hannibal, limehifadhiwa katika makumbusho ya ufundi ya Vienna. Na Kerschbaum kipande kifupi cha njia kimejengwa upya, ambapo mgeni anaweza kupanda behewa na kuvutwa na farasi.