Shahada ya Huduma ya Afya kwa Wanamichezo si Shahada ya Ukocha: Ufafanuzi kwa Waombaji wa Mwanza

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, ofisi yetu hapa Mwanza hupokea vijana na wazazi wanaouliza kuhusu shahada ya huduma ya afya kwa wanamichezo, na maswali hayo yameongezeka tangu Pamba Jiji iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2024/2025. Tunaupokea mwamko huo kwa furaha. Hata hivyo, malalamiko tunayoletewa yanaonyesha kwamba wengi huomba bila kufahamu wanachokiomba, na baadhi wameshawalipa mawakala kwa ajili ya masomo ambayo hayapo tena.

Ieleweke kuwa hii ni fani ya afya. Haimwandai mtu kunoa timu, wala haitoshi kwamba mwombaji alicheza UMISSETA au amekuwa mchua misuli wa timu ya mtaani kwao. Msingi wake ni biolojia, kemia na fizikia, kisha anatomia, fiziolojia, lishe na saikolojia. Jambo hili tumelieleza mara nyingi, na bado tunaletewa vyeti vya ushiriki wa mashindano badala ya matokeo ya kidato cha sita.

Nchini Marekani, ambako chama cha madaktari kiliitambua fani hii kuwa taaluma ya afya mwaka 1990, shahada ya kwanza si njia ya kuingilia tena. Programu zenye ithibati ya CAATE, tume inayokagua masomo ya fani hii nchini humo, ziliacha kupokea wanafunzi wapya wa ngazi hiyo mwaka 2022. Sasa mtu humaliza kwanza shahada yenye masomo ya sayansi, ndipo anasoma uzamili na kufanya mtihani wa BOC, bodi inayowathibitisha wataalamu wa fani hii. Mafunzo ya kitabibu hutandazwa katika miaka isiyopungua miwili ya masomo, na lazima kiwepo kipindi cha angalau wiki nne ambacho mwanafunzi yuko kazini muda wote.

Sehemu hiyo ya kitabibu ndiyo inayodharauliwa zaidi, nasi hatuwezi kuilegeza. Mchezaji anapoanguka katika uwanja wa Nyamagana akishika goti, mwanafunzi hulikunja kidogo, kwa nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja ukilishika paja imara na mwingine ukivuta mfupa wa muundi kuelekea mbele, huku akisikilizia kama mwendo wake unakoma ghafla au unateleza bila kikomo, dalili ya kano iliyokatika. Hisia hiyo haipatikani kwenye video. Hupatikana kwa kulinganisha magoti mengi, mazima na yaliyoumia, chini ya msimamizi aliyesajiliwa ambaye huangalia, husahihisha na kusaini daftari la mafunzo. Saini ya kughushi ni kosa la nidhamu linaloweza kumwondoa mwanafunzi chuoni hata kama amefaulu mitihani yote ya darasani, na kumwombea msamaha kupitia ndugu hakubadilishi utaratibu.

Kwa anayetaka kusoma nchini, njia iliyo karibu ni shahada ya fiziotherapia, ambayo hutolewa KCMC, Moshi. Sifa zake zimo katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Anayekwenda nje aombe kwanza TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi, na akirejea awasilishe shahada pamoja na matokeo yake ili shahada hiyo itambuliwe. Baada ya hapo lipo suala la usajili chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Kutoa huduma bila kusajiliwa ni kosa la jinai, si upungufu wa karatasi kama wengine wanavyodhani.

Mzazi aliyekwisha kumlipa wakala alete stakabadhi na barua ya udahili aliyopewa, tuilinganishe na orodha ya programu zenye ithibati kabla hajaongeza malipo yoyote. Vyeti halisi vya mtoto visiachwe mikononi mwa mtu, hata kwa siku moja. Nakala zilizothibitishwa zinatosha kwa hatua hiyo.