Mlango wa mto ni nini?

Maji ya mto Themi unaokatiza Arusha mjini na ya mto Karanga wa Moshi huishia katika mto Kikuletwa. Kikuletwa na Ruvu wa Kilimanjaro huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na yanayotoka hapo ndiyo mto Pangani, unaoteremka kupitia Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi, kwenye mji wa Pangani mkoani Tanga. Kipande kile cha mwisho, ambako maji baridi ya mto huchanganyika na maji ya chumvi, ndicho mlango wa mto.

Si kila mto huishia hivyo. Rufiji hugawanyika matawi mengi na kufanya delta. Pangani unaingia baharini kwa mkondo mmoja mpana, mji upande mmoja na Bweni ng'ambo, ambako kwa miaka mingi watu wamevuka kwa pantoni.

Kinachoendesha maisha ya pale ni kujaa na kupwa. Mara mbili kwa siku bahari hupanda na kusukuma maji ya chumvi ndani ya mto, kisha huyarudisha. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo hupenya chini huku ya mto yakielea juu. Ndiyo sababu mvuvi anaweza kuonja maji ya juu akayakuta hayana chumvi sana, na wavu wake uko kwenye chumvi.

Udongo unaoletwa na mto nao hubadilika hapo. Chembe zake zikikutana na chumvi hushikamana na kuzama, ndipo linapopatikana tope linaloota mikoko. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi mirefu kama miguu ya kigoda, na mchu, mti mwingine wa mikoko, huchomoza vijiti kutoka kwenye tope ili mizizi ipate hewa. Kamba hutaga baharini, lakini watoto wao huingia humu kukua, kwa sababu chakula ni kingi na samaki wakubwa hawafiki kirahisi kati ya mizizi. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza la kumweleza mtoto wa bara: kamba anayeuzwa sokoni huenda alilelewa kwenye tope la mlango wa mto.

Chumvi hupanda mpaka wapi? Inategemea nguvu ya maji yanayotoka juu. Masika mto husukuma chumvi nje. Kiangazi chumvi hupanda. Na huku kwetu Moshi na kuteremka mtoni maji hayo yana kazi nyingi: mifereji ya vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachagga), mpunga wa Mabogini na Chekereni, miwa ya Arusha Chini, kisha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Mitambo huyarudisha mtoni, ila mashamba hubaki na sehemu kubwa. Yakipungua mno, chumvi huingia kwenye visima na mashamba ya mtoni, na minazi hudhoofika.

Vibali vya kutumia maji ya mto hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao hapa Moshi. Kila kibali hupunguza au hubakiza kitu kwenye mkondo unaoizuia chumvi kule Pangani.