Nyumba ya Manjano ya Mtaa wa Brattle

Ukitoka Chuo Kikuu cha Harvard, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, ukafuata Mtaa wa Brattle kwa mwendo wa dakika 10 hivi, mkono wa kulia utaona nyumba kubwa ya mbao iliyopakwa rangi ya manjano. Wageni huambiwa kwamba hapa alikaa Jenerali George Washington, kisha mshairi Henry Wadsworth Longfellow. Ni kweli. Ila sisi tunaoshughulika na majengo ya kale huwa tunauliza kwanza swali jingine: fedha zilitoka wapi, na kazi alifanya nani?

Anza na uso wake. Mlango uko katikati kabisa, na kila upande una madirisha mawili. Ghorofa ya juu ina madirisha matano, yakiwa yamesimama sawia na nafasi za chini. Ungeweza kuukunja uso huo kama karatasi, nusu moja ikalala juu ya nusu nyingine bila kupishana. Mtindo huu huitwa wa Kijojia, kwa jina la wafalme wa Uingereza walioitwa George, na ulinganifu ndio roho yake. Nguzo bapa zimeshikana na ukuta toka chini hadi kwenye paa, na katikati, juu ya madirisha, imewekwa pembetatu kama ya mahekalu ya Wagiriki. Sogea karibu uone: nguzo hizo hazibebi chochote. Ni mbao zilizochongwa ziige mawe. Eneo lile lilikuwa na miti tele na maseremala hodari, na mwenye nyumba alitaka apitaye njiani ajue kwamba huyu si mtu wa hivihivi.

Mwenyewe alikuwa John Vassall, aliyeijenga mwaka 1759 akiwa na miaka 21. Utajiri wa ukoo wake ulitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaica, ambako Waafrika walifanyishwa kazi utumwani. Hata hapa Cambridge alikuwa na watumwa. Miongoni mwao alikuwa Cuba, ambaye mumewe Tony alimilikiwa na jamaa wa ukoo huohuo ng'ambo ya barabara. Mtoto wao Darby alizaliwa mwaka 1769.

Vassall alikuwa mtiifu kwa mfalme wa Uingereza, aliyetawala Massachusetts wakati huo, na mwaka 1774 hasira za wananchi waliompinga mfalme zilimkimbiza. Julai 1775 Washington akaingia, akaifanya makao makuu yake wakati jeshi lake limeuzingira mji wa Boston, uliokuwa mikononi mwa Waingereza. Simulizi ya siku hizo husema alimkuta Darby, mtoto wa miaka 6, akibembea kwenye geti. Jenerali akamwambia aingie ndani apewe kazi. Mtoto akauliza atalipwa kiasi gani. Napenda sana swali hilo, maana limetoka kwa mtoto aliyeona wazazi wake wakitumikishwa bure. Tony na Cuba nao waliendelea kuishi na kulima kwenye kipande cha ardhi ya Vassall. Mwaka 1781 Tony alipeleka ombi kwa bunge la jimbo, akidai haki ya kubaki kwenye ardhi aliyoitolea jasho miaka yote. Ardhi hakupewa, alipangiwa pauni 12 kwa mwaka.

Baadaye nyumba iliangukia mikononi mwa Andrew Craigie, aliyekuwa mkuu wa dawa katika jeshi la Washington. Yeye ndiye aliyeongeza baraza zenye nguzo ubavuni, kulia na kushoto, na kupanua vyumba vya nyuma. Madeni yakamwelemea. Alipofariki mwaka 1819, mjane wake akaanza kupangisha vyumba, wapangaji wakiwa watu wa chuo. Mmoja wao, mwaka 1837, alikuwa Longfellow, mwalimu wa lugha pale Harvard.

Mwaka 1843 Longfellow alimwoa Fanny Appleton, na baba mkwe, Nathan Appleton, akawanunulia nyumba hii iwe zawadi ya harusi. Appleton alitajirika kwa viwanda vya nguo vya Massachusetts, vilivyofuma pamba iliyovunwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Viwanda vya eneo hilo ndivyo vilivyoleta Zanzibar kitambaa ambacho mababu zetu walikiita merikani. Kwa hiyo sukari iliijenga nyumba, na miaka 84 baadaye pamba ikainunua. Longfellow mwenyewe aliuchukia utumwa, na vitabu vyake vya hesabu vinaonyesha fedha alizotoa kuwasaidia watu kukombolewa.

Humo ndani, Julai 1861, gauni la Fanny lilishika moto, naye akafa kesho yake. Mumewe aliungua alipojaribu kuuzima. Alibaki katika nyumba hiyo hadi kifo chake mwaka 1882. Familia iliitunza, na tangu 1972 iko chini ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani.

Mwaka 1855 alibisha hodi mzee mweusi wa miaka 86. Longfellow aliandika katika shajara yake kwamba mgeni huyo alizaliwa mtumwa katika nyumba hiyohiyo. Alikuwa Darby Vassall, ambaye mwaka 1796 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Jumuiya ya Waafrika, chama cha watu weusi cha kusaidiana, mjini Boston. Alifariki mwaka 1861, mwaka uleule wa Fanny, akazikwa chini ya kanisa la Christ Church, karibu na Harvard, ndani ya kaburi la ukoo wa Vassall.