Je, wajua? Kwa nini Reddit inakupa keki na wala si birthday yako

Kama unapitapita Reddit, ule mtandao wa magrupu ya mijadala, utakuwa ushakutana nayo, mtu kaandika koment yake ya kawaida tu, labda anauliza laptop yake imegoma kuwaka, halafu pembeni ya jina lake kuna kakipande ka keki, na watu badala ya kumjibu ya laptop wanaanza kumpa hongera. Wenyewe wanaiita cake day, siku ya keki. Ila hajazaliwa siku hiyo, ni tarehe aliyofungua akaunti, basi.

Sasa kwa nini wasisherehekee birthday ya kweli kama Facebook? Kwa sababu hawakuwa wanaiuliza bwana. Facebook unapojiunga unaulizwa jina lako na tarehe ya kuzaliwa, lakini Reddit tangu Steve Huffman na Alexis Ohanian waianzishe 2005 ni mji wa majina ya bandia, kwa miaka mingi ulikuwa unachagua jina na nywila ushaingia, hata imeili haikuwa lazima. Kwa hiyo hawakukuuliza una miaka mingapi wala kwenu wapi, walichokijua kwa uhakika ni ile sekunde uliyoingia mlangoni. Na sisemi sekunde kwa kutia chumvi, kwenye data ya kila akaunti kuna kitu kinaitwa created_utc, ni namba ndefu inayohesabu sekunde toka tarehe 1 Januari 1970 mpaka ulipojisajili. Umri wa mtandaoni unaongopa unavyotaka, ila hiyo namba huigusi.

Na ndo inapoanza kuwa na thamani. Pale ambapo hakuna sura wala mvi, mtu utamjuaje kama kala chumvi nyingi? Unaangalia kajiunga lini. Waliopo JamiiForums, ambayo ipo toka 2006, wanalijua hili vizuri, ukianza kubishana kwa makelele na ID yako ni ya wiki iliyopita kuna mtu atakukumbusha tu, na hoja yako inaweza kuwa nzuri kabisa lakini ndo hivyo. Reddit nako magrupu mengi yameweka AutoModerator, yaani roboti ya usimamizi, inayofuta posti za akaunti changa, maana matapeli na spam wanafungua mpya kila siku. Matokeo yake akaunti za zamani zinauzwa kabisa, yaani mtu ananunua ukongwe kama anavyonunua vocha.

Binafsi naona keki ya Reddit ni ya bure mno. Unaweza kujisajili, ukapotea miaka sita, ukarudi siku hiyo hiyo ukapewa hongera, na wapo wanaosubiri siku yao ili waweke picha ya paka wavune karma, yaani pointi za Reddit. Stack Overflow, mtandao wa maswali ya waandika programu, hawana mchezo huo, beji yao ya Yearling wanakupa kwa mwaka uliokuwa hai na ukapata walau pointi 200, hukufanya kitu hupati kitu. Wikipedia ya Kiingereza ndo wamenifurahisha zaidi, wao wanapongezana siku ya kuhariri kwa mara ya kwanza, siku ya kujisajili hawana habari nayo, na kwa kuwa historia ya kila makala inatunzwa unaweza kurudi ukaiona ile koma uliyoirekebisha miaka kumi iliyopita ukajisikia mtu mzima.

Kitu kimoja cha kuangalia kama upo huku kwetu Afrika Mashariki. Ile utc kwenye created_utc ni saa za kimataifa, ina maana saa zake ziko nyuma ya zetu kwa masaa matatu. Mimi nilijiunga saa nane usiku, sina usingizi, tarehe 14 kwa kalenda ya ukutani. Kwenye rekodi yao ilikuwa saa tano usiku, tarehe 13. Nikakaa mwaka mzima naisubiri 14.