Umbo la -ta katika Kisanskriti: dhana potofu na ukweli

Anayejifunza Kisanskriti hukutana mapema na maneno kama kṛta (kilichofanywa) na datta (kilichotolewa), yaani umbo la kitenzi lenye -ta ambalo vitabu vya sarufi huliita kivumishi-kitenzi cha kutendwa cha wakati uliopita. Yamejaa katika hadithi zake, na mara nyingi hayo peke yake ndiyo kitenzi cha sentensi, bila kisaidizi chochote. Kwa hiyo anayeyaita vivumishi tu atakwama upesi.

Dhana: Umbo hili hupatana na mtenda.

Hapana, hupatana na kinachotendwa. Katika sītayā granthaḥ paṭhitaḥ, "kitabu kilisomwa na Sita", msomaji ni mwanamke, lakini paṭhitaḥ ni la kiume kwa sababu grantha, kitabu, ni nomino ya kiume. Akisoma hadithi, kathā, ambayo ni ya kike, utasema sītayā kathā paṭhitā. Sita mwenyewe habadiliki. Amewekwa katika uhusika wa ala, yaani umbo la nomino linaloonyesha jambo limefanywa na nani au kwa nini: sītayā. Sisi wa Kiswahili tumerahisishiwa: katika "kitabu kimesomwa na Sita", ki- inafuata kitabu, na Sita anakuja nyuma ya "na".

Dhana: Maana yake ni ya kutendwa daima.

Hii ndiyo inayopotosha zaidi, na jina la umbo lenyewe linachangia. Vitenzi vya mwendo na visivyochukua yambwa huweza kutoa maana ya kutenda. Rāmo vanaṃ gataḥ ni "Rama alikwenda msituni", na Rama ndiye kiima. Supta ni aliyelala, mṛta ni aliyekufa. Pāṇini, mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, aliliwekea jambo hili kanuni yake, 3.4.72 katika kitabu chake cha sarufi, Aṣṭādhyāyī. Hata hivyo kitenzi kisicho na yambwa kinaweza pia kusimama bila kiima: rāmeṇa hasitam, yaani Rama alicheka (neno kwa neno, "kulichekwa na Rama"), umbo likiwa la jinsia ya kati, isiyo ya kiume wala ya kike.

Dhana: Bandika -ta kwenye mzizi, basi.

Kwa kṛ inatosha. Lakini gam hupoteza m na kuwa gata, vac huwa ukta, labh huwa labdha, na likh huongeza i: likhita. Bhid huchukua -na: bhinna. Pac huwa pakva na śuṣ huwa śuṣka. Haya ya mwisho yakariri tu.

Dhana: Daima ni wakati uliopita.

Kwa vitenzi vya kutaka, kujua na kuheshimu, Pāṇini (3.2.188) anaruhusu wakati uliopo, na mtenda huchukua uhusika wa umilikishi: rājñāṃ pūjitaḥ, "anayeheshimiwa na wafalme".