Wazabuni Watatu, Kiwanda Kimoja: Dhana Potofu Kuhusu Idara ya Ununuzi Wakati wa Dharura

Ninapoombwa kupitia mpango wa dharura wa kampuni, huanza na ukurasa wa idara ya ununuzi. Mara nyingi haupo. Ukiwepo, una majina ya wazabuni na namba zao za simu, basi. Nikiuliza zaidi napewa jibu lile lile: "Kwa vitu vyote muhimu tuna wazabuni watatu." Nimelisikia mara nyingi mno, na linanisumbua kuliko mengine yote kwa sababu wanaolitoa ni watu makini wanaoamini kwa dhati kwamba kazi imekwisha.

"Tuna wazabuni watatu, hatuwezi kukwama"

Majina matatu kwenye orodha yanakuonyesha wanaokutumia ankara. Bidhaa yenyewe inatoka wapi, orodha haisemi. Mnunuzi anamjua anayemuuzia. Anayemuuzia huyo hamjui, na aliye nyuma zaidi hajawahi hata kumsikia. Huko nyuma ndiko njia zinakokutana. Mifereji mitatu ikichota kisima kimoja, kisima kikikauka yote inakauka siku moja.

Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico. Kisiwani humo kampuni ya Baxter ilikuwa na viwanda vya mifuko midogo ya dripu, ile ambayo hospitali za Marekani huchanganyia dawa. Hospitali zilizokuwa mbali kabisa na kimbunga zikajikuta zikihesabu mifuko iliyobaki, na wauguzi wakalazimika kusukuma polepole kwa bomba la sindano dawa walizozoea kuzitundika. Mnunuzi wa hospitali aliyekimbilia kwa msambazaji wa pili hakupata nafuu kubwa, maana huyo naye alikuwa akisubiri mzigo wa kisiwa kile kile.

Wenye viwanda walikuwa wameshaonywa zamani. Machi 2011, tetemeko na tsunami ya Japani vilipokiharibu kiwanda cha kampuni ya chipu ya Renesas kilichoko Naka, kampuni za magari zilikosa chipu za kuendeshea mifumo ya gari. Toyota ilipofuatilia wazabuni wake ngazi kwa ngazi, iligundua kwamba mnyororo iliodhani unatanuka kadiri unavyoshuka chini ulikuwa, kwa baadhi ya vipuri, unajibana tena na kuishia kwa wazalishaji wachache sana. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Machi 2012, mlipuko ulitokea katika kiwanda cha kampuni ya kemikali ya Evonik huko Marl, Ujerumani, ukaua wafanyakazi 2. Kiwanda hicho kilitengeneza kemikali inayotumika kuzalisha nailoni ya aina ya PA12, na nailoni hiyo ndiyo inayotengenezea mabomba ya mafuta na ya breki kwenye magari. Wiki chache baadaye kampuni za magari zinazoshindana kila siku sokoni zilikaa chumba kimoja nchini Marekani kutafuta plastiki mbadala. Kila moja ilikuwa na wazabuni wake wa mabomba. Wote walitegemea malighafi ile ile.

Kwa hiyo nawasihi wateja wangu waache kuhesabu majina, wachague bidhaa chache ambazo zikikosekana kazi inasimama, kisha wamuulize kila mzabuni mambo haya: Kiwanda kinachotengeneza kiko mji gani? Malighafi yake kuu inatoka kwa nani? Mzigo unapita bandari ipi? Upungufu ukitokea, nani atahudumiwa kwanza, na sisi ni wa ngapi? Swali la mwisho hulikwepa wengi. Liulizwe hivyo hivyo, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Mzabuni akikataa kutaja chanzo chake kwa kuogopa kurukwa, mwekeeni kiapo cha kutunza siri. Akizidi kukataa, mhesabuni kama mtu asiyejulikana, na bidhaa hiyo muihesabu kuwa na chanzo kimoja mpaka mthibitishe vinginevyo.

Kuna ugonjwa mwingine ndani ya dhana hii hii: mzabuni wa akiba ambaye hajawahi kupewa oda hata moja. Jina lake liko kwenye mpango tangu mwaka juzi. Siku ya shida ndipo inagundulika kwamba hajasajiliwa kwenye mfumo wa malipo, sampuli yake haijapimwa na watu wa ubora, na hawezi kutoa mzigo bila kulipwa kwanza kwa sababu hamjui. Mimi nashikilia, hata wahasibu wanaponuna, kwamba mzabuni wa pili apewe sehemu ya oda za kawaida mwaka mzima, hata akiwa ghali kidogo. Gharama hiyo ya ziada ni bei ya kujulikana, na iingizwe kwenye bajeti waziwazi kwa jina lake.

Jambo hilo hilo linahusu huduma. Majengo mengi ya mtaa mmoja huwa yameandika kampuni ile ile ya kukodisha jenereta, na ile ile ya kunyonya maji na kukausha baada ya mafuriko. Umeme ukikatika eneo zima, wote wanapiga simu kwa pamoja. Atakayepata ni mwenye mkataba uliosainiwa, wenye idadi ya mashine na saa za kufika. Aliyeandika namba ya simu tu atasubiri.

"Dharura ikitokea, taratibu za ununuzi zinawekwa kando"

Haziwekwi kando. Zinafupishwa, na zinafupishwa na watu walioketi kabla ya dharura wakakubaliana namna ya kuzifupisha. Nani anaidhinisha saa nane za usiku? Kwa kiwango gani cha fedha? Naye asipopatikana, nani anashika nafasi yake? Malipo yanatoka wapi ikiwa mfumo wa kompyuta umelala? Kampuni isiyo na majibu haya huishia katika hali moja kati ya mbili: ama meneja wa zamu anaogopa kununua pampu wakati maji yanapanda, ama kila mtu ananunua anachokiona na baada ya wiki hakuna anayejua nini kilinunuliwa.

Hali ya pili ina maumivu yanayochelewa kufika. Bima huomba ankara, hati za kupokea mzigo na maelezo ya kwa nini kifaa hiki kilinunuliwa kwa bei hii. Mkaguzi huomba hayo hayo. Kwa taasisi za umma, sheria za ununuzi kwa kawaida huwa na njia ya dharura inayoruhusu kuruka ushindani wa zabuni, lakini hudai sababu iandikwe, na uzembe wa kutopanga mapema haupokelewi kirahisi kama sababu. Daftari moja la karatasi na kalamu, lenye safu ya muda, kitu, bei, muuzaji na aliyeidhinisha, linatosha kuokoa madai yote. Liwe kwenye sanduku la dharura pamoja na tochi.

Tena, wakati wa vurugu ndipo matapeli wanapotuma barua pepe kwamba "mzabuni wenu amebadilisha akaunti ya benki". Sheria ya kuthibitisha mabadiliko hayo kwa kupiga namba ya zamani isilegezwe hata siku ya moto.

"Mwendelezo wa biashara ni kazi ya TEHAMA na walinzi"

Mwendelezo wa biashara ni mipango ya kuhakikisha kazi muhimu hazisimami dharura ikitokea. Dhana hii naijibu kwa haraka. Kiwango cha kimataifa cha mwendelezo huo, ISO 22301, kilichotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2019, kinawataja washirika na wazabuni miongoni mwa rasilimali ambazo mkakati wa mwendelezo lazima uzizingatie. Tukiacha viwango, chukueni tu mpango wenu. Idara ya uzalishaji imeahidi kurudi kazini ndani ya saa 48. Mashine inayohitajika huchukua wiki kadhaa kufika tangu oda itoke. Nani mwingine kwenye jengo hilo anaujua muda huo wa pili, kama si mnunuzi? Ahadi za muda zilizoandikwa bila mnunuzi mezani ni za kupitiwa upya, zote.

"Tujaze stoo tu"

Akiba inasaidia mahali pake. Toyota, baada ya 2011, iliwataka wazabuni wake waweke akiba ya chipu ya kati ya miezi 2 na 6, kulingana na muda unaochukua kuagiza hadi kupokea, na akiba hiyo iliipa Toyota nafuu wakati upungufu wa chipu ulipoanza miaka ya karibuni. Lakini iliwekwa kwa vitu vilivyochaguliwa, baada ya kuujua mnyororo. Kujaza kila kitu ni kufungia fedha kwenye bidhaa zitakazopitwa na tarehe. Na stoo ikiwa kwenye jengo lile lile linaloungua, akiba inaungua nalo.

"Mkataba una kipengele cha nguvu zisizozuilika"

Kisomeni tena. Kwa kawaida kipengele hicho humwondolea mzabuni lawama za kutoleta mzigo pale anapozuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Anayelindwa ni yeye. Mnachohitaji nyinyi ni vifungu vingine: awataarifu ndani ya saa ngapi, awape sehemu yenu ya bidhaa iliyobaki, na awaruhusu kununua kwingine bila faini.

"Sisi tunasubiri ombi la ununuzi lifike"

Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2000 radi ilisababisha moto katika kiwanda cha chipu cha Philips huko Albuquerque, Marekani. Ulizimwa kwa dakika chache. Moshi na maji, hata hivyo, vilikuwa vimechafua vyumba ambavyo havitakiwi kuwa na hata punje ya vumbi, na wateja wawili wakubwa, Nokia na Ericsson, walitegemea chipu za hapo kwa simu zao. Taarifa za mwanzo zilisema ucheleweshaji ungekuwa mdogo. Upande wa Nokia, watu wa ununuzi hawakutulia: waliziweka chipu hizo kwenye uangalizi maalumu, wakapiga simu kila siku, wakapandisha habari kwa wakubwa, na walipojua ukubwa wa tatizo wakashika nafasi kwenye viwanda vingine vya Philips na kwa wazalishaji wengine. Upande wa Ericsson habari ilikaa chini. Walipozinduka nafasi zilikuwa zimechukuliwa, na hasara yao ilitajwa kufikia karibu dola milioni 400.

Hakuna idara iliyomletea mnunuzi wa Nokia ombi. Simu ya mzabuni ilimfikia yeye kwanza, kama inavyowafikia wanunuzi wote: mzigo umechelewa, ubora umeshuka ghafla, meneja mauzo hapokei simu, masharti ya malipo yamebadilika. Dalili hizo huzikwa kwenye barua pepe za kila siku. Mnunuzi apewe jina la mtu wa kumwambia, na ruhusa ya kumwambia hata kama hana uhakika.

Na ile orodha ya simu kwenye ukurasa wa ununuzi, kama ndiyo pekee mliyonayo kwa sasa, ijaribuni wiki hii baada ya saa za kazi. Pigeni kila namba. Zile ambazo zinaita mezani kwenye ofisi iliyofungwa, zifuteni, na mwombeni kila mzabuni jina na simu ya mkononi ya mtu mwenye funguo za ghala.