Ajira ya watoto ni nini, na kwa nini haiishi?

Mtoto anayeosha vyombo au kumsaidia mzazi shambani wakati wa likizo hatumikishwi. Hayo ni malezi. Ajira ya watoto ni kazi inayozidi umri na nguvu za mtoto, inayomkosesha masomo, au inayohatarisha afya na makuzi yake. Neno "ajira" lenyewe linapotosha kidogo, kwa sababu linaleta picha ya bosi na mshahara, ilhali wengi wa watoto hawa hawalipwi chochote: wanafanya kazi za familia zao. Binafsi naona "utumikishwaji" linafaa zaidi.

Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 15 (nchi zenye uchumi mchanga zinaweza kuanza na 14), na 18 kwa kazi za hatari. Mkataba Na. 182 wa 1999 unapiga marufuku aina mbaya zaidi, kama utumwa, ukahaba na kupelekwa vitani. Kufikia 2020, nchi zote 187 wanachama zilikuwa zimeuridhia. Hata hivyo, shirika hilo na UNICEF wanakadiria kuwa mwaka 2024 watoto wapatao milioni 138 walikuwa wakitumikishwa, milioni 54 kati yao katika kazi za hatari. Takriban sita katika kila kumi wako kwenye kilimo, ufugaji na uvuvi, wala si viwandani.

Chanzo kinachotajwa kwanza ni umaskini, na ni kweli, lakini kinachosukuma hasa ni dharura. Mvua zikikosekana au baba akiugua, familia isiyo na akiba inabaki na mikono ya mtoto. Anaachishwa shule "kwa muda tu", na mara nyingi harudi. Shule nayo ikiwa mbali, au ikiitwa ya bure huku sare na daftari vikinunuliwa, mzazi hupiga hesabu na kuona kazi ina faida ya karibu. Kwa upande wa pili yupo anayewataka watoto kwa sababu ni rahisi: hawadai nyongeza wala hawagomi.

Kwa hiyo msako peke yake hausaidii sana. Mtoto akifukuzwa machimboni bila nyumbani kubadilika kitu, atahamia mahali pa siri zaidi, pengine kwenye kazi za ndani ambako mkaguzi hafiki. Mexico ilijaribu njia nyingine mwaka 1997 kupitia mpango wa Progresa: akina mama walipewa fedha kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule na kliniki. Mahudhurio yaliongezeka, hasa sekondari, na kazi za watoto zikapungua. Bima ya afya na ujira wa kutosha kwa wazazi hufanya kazi kwa mantiki hiyohiyo.

Kuna na jambo dogo linalosahaulika: cheti cha kuzaliwa. Bila hicho, mwajiri atasema kijana ana miaka 18, na mkaguzi hatakuwa na cha kumjibu.